Nikija Agosti nitaona ndege gani?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Malindi anayeishi Leicester, Uingereza. Kwa kifupi anaandika hivi: "Likizo ya watoto ni Julai na Agosti, ndipo tunapokuja nyumbani. Huku majira ya joto watu hupashana habari za ndege waliowaona kila pembe ya nchi, nami ugonjwa huo umeniambukiza. Lakini kila ninayemuuliza huko pwani ananiambia nimekosea msimu, ndege huja Desemba. Mwaka jana nilipiga picha tatu: kundi la ndege wa kahawia mlangoni mwa mto Sabaki, ndege mmoja mnene wa kijivu pale hori ya Mida karibu na Watamu, na mwingine mweupe juu ya paa la hoteli. Je, ni kweli hakuna ndege wa maana miezi hiyo? Na yule wa kijivu, mbona hakwenda Ulaya na wenzake, anaumwa?"

Dada yangu, waliokwambia umekosea msimu hawakukudanganya, ila wamekupa nusu ya habari. Wao wanazungumzia ndege wa kaskazi. Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Aprili ufuo wetu hujaa vitwitwi, sululu, membe na jamaa zao waliokimbia baridi ya Urusi na Ulaya, na watalii huja wakati huohuo kwa sababu ileile. Masika yakianza kugonga mabati, ndege hao huondoka, hoteli hufunga milango kwa ukarabati, vijana wanaotembeza wageni hurudi shambani, na darubini huwekwa kabatini mpaka vuli. Ndivyo ilivyoingia vichwani mwa watu kwamba wakati wa kusi hakuna ndege. Kilichopungua kuliko ndege ni watazamaji. Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo Julai nzima niliitumia kushona mkanda wa begi na kupaka viatu mafuta.

Msimu unaouita majira ya joto huko Leicester, kwetu ni kipupwe. Upepo ni wa kusi, bahari imechafuka, na alfajiri watu wanajitanda khanga mbili. Kusini zaidi yetu, huko Bukini kwa jina la wazee (watoto wako wataiita Madagaska), ni baridi yenyewe. Jibu lako liko hapo. Ndege wanaokimbia baridi hawatoki upande mmoja tu. Wa kusini ni wachache kuliko wa kaskazini, lakini baadhi yao hutawaona Desemba hata ukeshe ufuoni, na mmoja wao umempiga picha bila kujua.

Tuanze naye. Picha ya Sabaki nimeikuza hadi ikachanika, lakini inatosha. Ndege wamekaa chini kwenye fungu la mchanga, wote wameelekeza midomo kunakotoka upepo, rangi yao kama tope lililokauka. Kwa mbali ungedhani ng'ombe wamepita wakaacha alama. Tazama huyu wa tatu kutoka kushoto: kichwa cheusi kidogo, na chini ya jicho, kuelekea nyuma, kuna mstari mweupe kama mtu aliyepaka chokaa kwa kidole. Huo mstari ndio kitambulisho chake. Kitaalamu ni *Glareola ocularis*, na makao yake ya uzazi ni Bukini peke yake, ambako hutaga kwenye miamba ya mito na sehemu za wazi karibu na maji. Akimaliza kulea huvuka bahari kuja kwetu, anafika kiasi cha Aprili au Mei na kuondoka Septemba. Maana yake wewe na yeye mko likizo Malindi wakati mmoja.

Chini hana mvuto. Subiri aruke. Mabawa ni marefu na yamechongoka kama ya mbayuwayu, mkia ni mfupi wenye pengo dogo tu, kiunoni juu ya mkia kuna weupe, na ndani ya bawa kuna wekundu wa udongo wa kuchomwa. Hula wadudu hewani, hawawindi samaki wala kaa, ndiyo maana mchana utawakuta wamelala tu kama wazee barazani. Jua likishuka wananyanyuka kundi zima na kuanza kuchota wadudu juu ya vilima vya mchanga na mabonde ya upande wa Mambrui.

Kwa nini Sabaki? Mto huu unaanza mbali, karibu na Nairobi, ukiitwa Athi, kisha Galana, na ukifika baharini umebeba udongo mwekundu wa nusu ya nchi. Udongo huo umejenga mafungu, vidimbwi na tambarare za tope, na nyuma yake vilima vya mchanga vinavyotembea na upepo. Ndege anayetaka kuona adui kutoka mbali na kupata wadudu jioni amepata vyote viwili. Miaka mizuri wamehesabiwa hapo kwa maelfu, na ukizingatia kwamba jamii nzima ya ndege hawa duniani si kubwa, kundi lile lililokuwa mbele ya kamera yako ni sehemu kubwa ya wote waliopo. Sijui ndege mwingine wa pwani yetu ambaye fungu moja la mchanga lina uzito hivyo kwake. Kwa hiyo nakuomba: ukienda tena, watoto wasiwakimbilie, na yule kijana wa pikipiki anayetaka kukuvusha hadi nchani mwambie akuache mbali. Kundi likirushwa mara nne kwa siku linatumia nguvu ambazo limeziweka kwa safari ya kurudi.

Hao si peke yao waliotoka Bukini. Kuna korongo mdogo wa madimbwini, *Ardeola idae*, na huyu ana kisa na mimi. Kwao, akiwa katika uzazi, huwa mweupe pepe na mdomo wa buluu. Akija huku amevua joho lote na kuvaa kahawia yenye michirizi, na hapo anafanana na binamu yake wa hapahapa, *Ardeola ralloides*, anayeonekana kwenye kila bwawa la mpunga. Mwaka mmoja, mwezi Julai, nilikaa saa nzima ukingoni mwa kidimbwi nyuma ya Malindi nikimtazama mmoja akivizia vyura, nikaandika kwenye daftari jina la yule wa kawaida, nikafunga. Miezi minne baadaye nikampa mwenzangu picha azipange. Akanipigia simu usiku. "Huu mdomo umeuona?" Mdomo ulikuwa mzito, wa kuvunjia kokwa. Michirizi ya kifuani ilikuwa minene na myeusi, kama imechorwa kwa mkaa badala ya penseli. Nilikuwa nimekaa saa nzima na mmoja wa korongo adimu kuliko wote barani, aliye katika orodha ya ndege waliomo hatarini kutoweka, nikamwandika kama kuku wa jirani. Tangu siku hiyo, korongo yeyote wa kahawia kati ya Mei na Oktoba namtazama mara mbili, na nakushauri ufanye hivyo, si Malindi tu bali hata ukipita bara, maana wanasambaa hadi Kongo.

Keremkerem, wale ndege wembamba wala nyuki, utawaona pia. Huyu wa kusi ni *Merops superciliosus*, kijani cha zeituni, utosi wa kahawia, mkia una nyuzi mbili ndefu katikati. Jioni hupita makundi kwa makundi kwenda kulala mikokoni, na ukisimama mahali pamoja dakika ishirini utachoka kuhesabu. Yupo pia kekeo wa Bukini, *Cuculus rochii*, lakini huku hafungui mdomo, na kekeo asiyeimba ni taabu tupu kumtambua. Mwache.

Sasa mgonjwa wako wa Mida.

Haumwi. Ni kijana. Ndege huyu, *Pluvialis squatarola*, huzaa kwenye nyanda za barafu za kaskazini kabisa ya Siberia, na ungemwona huko mwezi Juni ungemkuta tumbo lote jeusi kama amekaa kwenye masizi. Wako ni wa kijivu, manyoya ya bawa yamechakaa nchani, kingo zimelika kama ukindu wa mkeka wa zamani. Hiyo ni dalili ya ndege aliyezaliwa mwaka uliotangulia: alikuja na manyoya yake ya utotoni, hajapata mapya kamili, na mwili wake haujawa tayari kuzaa. Kumpeleka Siberia ni safari ya maelfu ya kilomita kwenda kusimama kando ya harusi za watu. Vitwitwi wengi wakubwa hawazai kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Kwa hiyo vijana hubaki. Wazee wanaondoka Aprili wameshiba na wamebadilika rangi, vijana wanabaki Mida wanakula minyoo na kaa wadogo mpaka wazee warudi.

Ukitaka kuhakikisha si mwingine, subiri anyooshe bawa. Kwapani ana doa jeusi, wazi kabisa, kama jasho la mbeba mizigo. Hakuna kitwitwi mwingine wa rangi ile kwenye ufuo wetu aliye na doa hilo.

Pamoja naye utaona sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ambaye akishtuka hupiga mluzi mfululizo mara sita au saba bila kupumua. Na wale vitwitwi wadogo wa mchanga wanaokimbia, wanasimama, wanakimbia, wanasimama. Idadi yao Julai ni ndogo sana ukilinganisha na Januari. Lakini ndiyo hesabu wenye kazi hii wanayoitaka mno, kwa sababu idadi ya vijana waliobaki inaonyesha kama uzazi wa mwaka uliopita kule Siberia ulikwenda vizuri au la. Pale Watamu shirika la A Rocha Kenya limekuwa likiwakamata vitwitwi wa Mida usiku kwa nyavu nyembamba ambazo ndege hazioni, kuwavisha pete na kuwaachia. Ukiona ndege mwenye pete mguuni, au rangi ya kupaka, jitahidi upige picha ya mguu kabla ya uso.

Kitu kingine ambacho likizo yako inakupa na Desemba haiwezi: kuwaona wanaorudi mapema. Mwezi wa nane unapoanza tu, wale vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo, *Calidris ferruginea*, wanaanza kutua wakiwa bado na wekundu wa matofali kifuani. Hao wa kwanza ni wazima, na wengi wao ni madume, kwa sababu kwenye jamii hii dume hana kazi ya kulea. Akishamaliza yake anaacha mayai na mama na kuanza safari, huko Siberia theluji ikiwa haijamaliza hata kuyeyuka vizuri. Kila baada ya siku chache wekundu unapungua, unakuwa mabaka, kisha viraka, na kufikia Oktoba wote wamevaa kijivu hutofautishi mmoja na mwingine. Mtu anayekuja Krismasi hajui kabisa kwamba ndege huyu ana rangi.

Na yuko mla kaa. Watu wa Uarabuni watakaosoma hapa wanamjua pia, kwa sababu anazaa kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba, Bahari ya Shamu na pwani za Oman na Somalia. *Dromas ardeola*: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mweusi mnene kama jambia. Ndiye kitwitwi pekee duniani anayechimba shimo la kutagia. Anachimba handaki mchangani, kina kinapita mkono wa mtu, anaweka yai moja tu, jeupe, kubwa kwa mwili wake, na joto la ule mchanga wa Ghuba linamsaidia kuliatamia. Uzazi wake ni kati ya Aprili na Agosti, basi Julai wengi wako huko. Lakini Mida huwa hapakosi wachache waliobaki mwaka mzima, nao ni vijana walewale wasio na shughuli. Ukibahatika kuwa huku mpaka mwisho wa Agosti utaanza kuwaona wanaofika na watoto. Mtoto ni mkubwa kama mama, ana kijivu kichwani, na anatembea nyuma ya mzazi akilia nipe, nipe, nipe, kilomita elfu kadhaa kutoka alikoanguliwa. Mama anamkamata kaa, anampukutisha miguu, anampa. Nimeona mtoto wa aina hiyo akilishwa mpaka baada ya vuli, na sikumhurumia mtoto.

Juu ya Mida, kumbuka jambo moja tu: maji. Yakipwa, ndege wametawanyika kwenye tope lenye ukubwa wa mji, utawaona kama punje za pilipili. Yakijaa, yanawasukuma kuja kwako. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kiasi cha saa kumi jioni na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Basi chagua bamvua, fika kwenye lile daraja la mbao la mikokoni saa nane mchana, keti, na usiondoke hata kama kwa saa ya kwanza huoni kitu. Siku za maji mafu usijisumbue.

Bahari yenyewe ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa maana ina mengi na haifikiki. Kusi inachafua mawimbi, wavuvi wengi wanabaki ndani ya mwamba, na mtu mwenye darubini hana chombo cha kupanda. Lakini huko nje ndiko sherehe iliko. Muulize mvuvi wa jodari anajuaje samaki walipo. Atakwambia anatafuta ndege. Jodari wakiwasukuma vidagaa juu, membe wanashuka kama mvua, na mvuvi anageuza usukani. Wengi wa ndege hao miezi ya Agosti na Septemba ni membe wa kahawia mwenye kipaji cheupe, *Anous stolidus*, makundi makubwa mbele ya Watamu, na huwezi kumwona ukiwa umesimama ufuoni ila kwa bahati ya upepo mkali. Mara nyingine, katikati yao, kuna kijindege cheusi kadiri ya mbayuwayu, kiunoni cheupe, kinachochezacheza juu ya mawimbi huku miguu ikigusa maji kama kinatembea. Huyo, *Oceanites oceanicus*, anazaa pembezoni mwa Antaktika. Fikiria umbali huo, kisha fikiria kwamba nahodha wa boti ya wageni anamwita "kile kidogo" na kuendelea na chai yake.

Wapo pia wanaozaa hapahapa, na wakati wao ni huu wa kipupwe. Kile kisiwa kidogo cha mwamba mlangoni mwa Mida, kinachoitwa Kisiwa cha Nyangumi, hutumiwa na aina mbili za membe kutaga: mmoja ana kifua chenye rangi ya waridi hafifu na mkia mrefu mweupe, *Sterna dougallii*, mwingine mgongo wa kijivu cheusi, *Onychoprion anaethetus*. Visiwa vya Kiunga, kaskazini mwa Lamu, vina makundi makubwa zaidi. Watazame ukiwa kwenye boti, usishuke. Yai la membe limelala juu ya jiwe tupu, halina kiota wala kivuli. Mama akirushwa saa sita mchana, dakika chache za jua zinatosha kulipika. Na zamani sana, na mahali pengine hata leo, mayai hayo yaliokotwa kwa ndoo. Siwalaumu wavuvi peke yao. Kunguru aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, eti asafishe mji, amekuwa jambazi wa viota vya pwani nzima, na yeye hahitaji ndoo.

Upande wa Tanzania, mahali ambapo ningekwenda kesho kama ningepewa chombo ni Fungu Kizimkazi, kijisiwa tambarare kusini mwa Unguja, mbali na bara, kisicho na mti wala mtu. Hapo huzaa ndege mkubwa mweupe mwenye uso uliofunikwa weusi kama kinyago, *Sula dactylatra*, anayejirusha baharini kichwa mbele kutoka juu. Huzaa pia membe mwenye mgongo mweusi, *Onychoprion fuscatus*, ambaye mtoto wake akishaondoka kisiwani hukaa miaka kadhaa hewani na juu ya bahari kabla hajakanyaga nchi kavu tena. Delta ya Rufiji na mafungu ya Mafia ni ya kaskazi zaidi, nayapita. Pemba ukienda, nenda msitu wa Ngezi kwa ajili ya ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na yule bundi mdogo, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Hao ni wenyeji, mwezi haujalishi.

Nimekaa sana ufuoni. Ingia magofu ya Gede asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, kabla basi la kwanza la wanafunzi halijafika. Chini ya ile mibuyu na mitini, kwenye majani makavu, wakati wa kusi kuna ndege wawili wanaosafiri ndani ya Afrika yenyewe, ambao watu huwasahau kwa kuwa hawavuki bahari. Wa kwanza ni pita, *Pitta angolensis*. Mgongo kijani, tumbo jekundu, mabawani madoa ya feruzi yanayong'aa hata kwenye giza la msituni, na pamoja na mapambo yote hayo anaweza kusimama hatua kumi mbele yako usimwone. Huzaa kusini mvua zikinyesha huko, kisha hupanda pwani yetu kuanzia Aprili na kukaa mpaka karibu na Oktoba. Husafiri usiku, na taa humchanganya. Karibu kila mwaka naletewa mmoja kwenye boksi la viatu, amegonga dirisha la nyumba yenye taa zisizozimwa. Baadhi hupona wakiachwa gizani saa mbili tatu bila kushikwashikwa wala kunyweshwa maji kwa nguvu.

Wa pili ni kama kuku mdogo wa madoadoa, kifua cheupe kilichotiwa matone meusi na mistari miwili myeupe bawani, *Geokichla guttata*. Yeye pia yumo katika orodha ya hatari, na Gede ni mahali panapojulikana kwa ajili yake. Sikiliza kwanza, tazama baadaye. Utasikia jani linageuzwa. Kimya. Jani jingine. Kenge ana mwendo wa kukokota, panya ana mwendo wa haraka, lakini huyu anageuza jani moja, anasubiri kama anasoma kilichoandikwa chini yake, kisha linalofuata. Simama ulipo, usinyooshe kidole. Ukisikia juu yako mluzi unaofanana na wa mtu, kisha wa kekeo, kisha wa mwewe, vyote kutoka kwenye kichaka kimoja, usiwatafute watatu. Ni kindege kimoja chenye rangi ya machungwa tumboni, *Cossypha natalensis*, anayeongezeka sana pwani miezi hii na hana wimbo wa kwake ambao hajauchanganya na wa jirani.

Uliuliza pia, mwishoni kabisa mwa barua, kama kuna faida ya kuandika unachokiona au ni mchezo wa wazungu. Ipo, na yako ni kubwa kuliko ya mtalii wa Januari. Mwezi Januari Mida ina madaftari kumi kwa siku. Julai inaweza kupita wiki hakuna hata moja. Taarifa moja ya Julai, yenye tarehe, mahali, hali ya maji na hesabu ya kweli, inajaza pengo ambalo hamna mwingine wa kulijaza. Kenya kuna mradi wa ramani ya ndege, Kenya Bird Map, unaogawa nchi katika viraba vya takriban kilomita 9 kwa 9. Unaingiza orodha yako kwa simu. Tanzania kuna Tanzania Bird Atlas, ambao umekusanya orodha za namna hiyo kwa miongo kadhaa. Usiandike "wengi". Hesabu kumi, angalia kumi zinachukua nafasi gani kwenye kundi, kisha pima kundi lote kwa kipimo hicho. Usipomtambua ndege, andika hukumtambua, uambatanishe picha, hata iliyotikisika. Mimi ningekuwa nimeandika hivyo pale kidimbwini, yule mwenzangu asingenipigia simu usiku.

Imebaki picha ya tatu, yule mweupe juu ya paa la hoteli, ambaye umesema mumeo ana hakika ni korongo wa Bukini aliyepotea. Mdomo wa njano, shingo fupi, amesimama karibu na tangi la maji akiwatazama ng'ombe wa jirani. Mpe mumeo salamu zangu. Huyo ni yangeyange.